Injinia na Mnyororo wa Pikipiki

Injinia alichelewa kwenye kila mkutano alioitisha mwenyewe. Tukifika kiwandani au kwenye ofisi fulani, meneja angekuwa ametungoja na chai mezani, saa ingepita, na Injinia hayupo. Tulijua tumtafute wapi. Angekuwa jikoni kwa wafanyakazi, au getini kwa askari, au amesimama karibu na mtu anayefagia, mikono ameiweka nyuma, akiuliza, "Hapa kunaendaje?" Mwaka wa kwanza niliona aibu kwa niaba yake. Mwaka wa pili nikawa ndiye ninayemwambia meneja kwamba anywe chai yake tu, atakuja.

Nilifanya kazi chini yake miaka tisa, katika kampuni ndogo ya ushauri iliyokuwa Ruiru, ghorofa ya pili, juu ya duka la mabati na misumari. Kazi yetu iliitwa uhandisi wa mifumo. Mama yangu hakuwahi kulielewa jina hilo, akawa anawaambia watu kanisani kwamba mimi hutengeneza kompyuta. Hatukuwa tunatengeneza chochote. Mtu akinunua mashine kwa huyu, programu kwa yule, akaajiri walinzi kutoka kwingine, halafu vitu vyote hivyo vikakataa kuelewana, ndipo tulipoitwa. Kampuni za watu binafsi zilituita, na ofisi za serikali pia. Tulikuwa watu wa kuangalia pale kitu kimoja kinaposhikana na kingine.

Jina lake nalijua. Wakubwa walimwita Madam, na sisi wengine tulimwita Injinia, hata akiwa hayupo, hata siku ambazo tulikuwa tumemkasirikia.

Alikuwa mfupi, mwenye kutembea haraka kwa viatu vya raba, na kwapani alibana karatasi za manila zilizokunjwa kama mkeka. Akishafika mkutanoni alitandaza moja juu ya meza, juu ya vikombe vya watu kama havijatolewa, akachora mistari miwili mirefu inayokutana chini, kama herufi V.

"Huku tunashuka," alisema, kidole kikiteremka upande wa kushoto. "Tunauliza watu wanataka nini, tunashuka nao mpaka tufike kwa msumari. Halafu huku tunapanda. Tunajaribu msumari. Tunajaribu mlango. Tunajaribu nyumba. Mwisho tunamrudia yule mtu tulianza na yeye, tunamuuliza, hii ndiyo ulitaka?"

Wakurugenzi waliitikia kwa vichwa. Wengi wao walitaka tushuke nusu na tupande robo, kisha tuwaandikie barua nzuri.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Umejaribu kipande. Hujajaribu kitu." Alimwambia mtu yeyote, mwenye digrii na asiye nayo. Siku moja alimwambia fundi wa maji aliyekuwa ametengeneza choo chetu cha ofisini. Fundi alivuta maji mbele yake, yakashuka vizuri. Injinia akamwambia afungue bomba la jikoni pia, na la chini kwa mwenye duka, halafu avute tena. Maji yakagoma. Yule fundi alikuja kuwa rafiki yake.

Kuna ofisi moja ya serikali, sitaitaja, iliyokuwa imeletewa kompyuta mpya za kuandikisha wananchi. Kompyuta zilifanya kazi, mtandao ulifanya kazi, na bado foleni ilifika barabarani. Wakubwa walisema makarani ni wavivu. Injinia aliomba kiti, akakaa nyuma ya karani mmoja, mama wa makamo, tangu asubuhi mpaka saa nane bila kusema kitu. Kitu kimoja tu kilimshangaza: simu ya yule mama haikunyamaza. Ujumbe uliingia, ukaingia mwingine.

"Mama, wewe una marafiki wengi hivi?"

"Aki Madam, usiniulize."

"Nimekuuliza."

Karani aliangalia mlango wa mkubwa wake, akashusha sauti. "Hii mashine haifungui ukurasa wa pili kama hujaweka namba ya simu. Na huyu cucu ametoka shamba, hana simu. Nifanye aje? Nimrudishe? Naweka yangu."

Alikuwa akiweka yake kwa miezi. Machoni pa serikali, kila bibi kizee asiye na simu alikuwa na namba moja, ya karani huyo. Ujumbe wa kuwaambia hati zao ziko tayari ulimjia yeye, naye kila alasiri aliisimamisha foleni, akanakili majina kwa mkono na kuyabandika mlangoni ili wenyewe wayaone wakija. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikimchelewesha.

Mkubwa aliposikia alitaka kumwandikia barua ya nidhamu. Injinia alimwonyesha karani kwa kidole. "Huyu," alisema, "ndiye kipande pekee cha mfumo wenu kinachofanya kazi."

Kuondoa sharti la namba ya simu kulihitaji dakika chache za mtu wa kompyuta. Kulichukua muda mrefu sana, kwa sababu hakuna aliyejua nani ana ruhusa ya kusema liondolewe. Injinia alipanda na kushuka ngazi za ofisi mbalimbali na swali moja, "Hii ni ya nani?" Kila aliyeulizwa alielekeza mlango wa pili. Jibu la "hiyo si idara yangu" lilimfanya aandike jina la mtu kwenye kijitabu. Sikujua anafanyia nini majina hayo. Nilipomwuliza, alisema ni kwa ajili ya maombi. Sijui kama alikuwa anatania.

Kwenye kampuni binafsi hakuwa mpole zaidi. Kulikuwa na kiwanda cha mikate, Ruiru, ambako mkuu wa uokaji alisifiwa kwa kuoka mikate mingi na mkuu wa usafirishaji alisifiwa kwa kutoa magari machache. Kila mmoja alikuwa na cheti cha mfanyakazi bora ukutani. Mikate ililala stoo mpaka ikawa migumu. Injinia aliwabadilishia viti kwa wiki moja: mwokaji akapange magari, mkuu wa usafirishaji akasimamie tanuri. Siku ya tatu walikuwa hawasemezani. Siku ya tano walikaa chini wakapanga ratiba moja. Injinia hakuwapongeza. Alikula mkate wao na chai ya turungi, akasema haujaiva katikati.

Alikuwa mkali, na wakati mwingine alikosea. Msichana mmoja wa ofisini alimletea mchoro wenye kosa dogo, naye akaurarua mbele yetu vipande vinne. Msichana alilia chooni, akaacha kazi mwezi huohuo. Baadaye tuligundua kosa lilikuwa kwenye vipimo ambavyo Injinia mwenyewe alikuwa amempa. Alitafuta namba ya yule msichana, akampigia mbele yetu vilevile, akasema, "Nilikosa mimi." Msichana alikata simu. Injinia akaweka simu mezani, akaendelea kuchora.

Nyumbani kwake, Makongeni, ningewapeleka wale wakurugenzi wote wakaone. Mlango wa bafu ulifungwa kwa kamba ya kiatu. Maji ya mvua yalitoka paani yakaingia kwenye tangi kubwa jeusi ambalo halikuwa na mfereji. Mtu alipanda stuli akachota kwa ndoo kutoka juu. Alinieleza kwamba mfereji ulivunjika mwaka ambao hakuukumbuka. Funguo zake zilikaa kwenye bakuli moja, zote zimefanana, naye alijaribu moja moja kila asubuhi huku akilaani. Nilijitolea kuzitia rangi, akaniambia niache nyumba yake.

Na binti yake. Mtu huyu aliyemwuliza kila mfagiaji wa Kaunti anahitaji nini hakuwahi kumwuliza binti yake anataka kusomea nini. Alimjazia fomu. Binti alisomea alichojaziwa, akahitimu, akaolewa Kahawa Sukari, na kwa miaka wakawa wanazungumza kwa ujumbe mfupi tu, sikukuu kwa sikukuu. Nilimsikia Injinia akisema mara moja, tukiwa njiani kutoka Thika, "Yule alitaka muziki."

Sasa nifike kwenye godauni.

Mwenye mali fulani alijenga magodauni kati ya Thika na Ruiru, ya kuhifadhia bidhaa za watu. Aliweka king'ora cha moto kutoka kampuni moja na milango ya umeme kutoka kampuni nyingine. Milango ilishikwa na sumaku. King'ora kikilia, sumaku inaachia, mlango unafunguka. Stima ikipotea, vilevile inaachia, ili mtu asifungiwe ndani. Walinzi walitoka kampuni ya tatu, na mkataba wao ulisema kitu kikiibwa zamu ya mtu, mtu huyo anaenda nyumbani. Sisi tuliitwa kuthibitisha kwamba vyote vinafanya kazi pamoja, ili mwenye mali apewe kibali cha kufungua.

Injinia alianza na watu, kama kawaida yake, na mimi niliandika. Mmoja alikuwa Mwikali, mtunza stoo wa godauni la katoni, mwanamke mcheshi aliyetoka upande wa Matuu, aliyevaa miwani yenye mkono mmoja uliofungwa kwa gundi ya karatasi.

"Moto ukiwaka hapa, unatoka wapi?" Injinia alimwuliza.

"Si huo mlango wa nyuma," Mwikali alisema. "Ndio uko karibu na mimi. Huko mbele ni mbali, na hii mwili yangu mnaiona."

Tukacheka wote watatu. Niliandika: mlango wa nyuma.

Kisha Injinia akamwendea askari wa mlango huo. "Stima ikipotea, mlango ukajifungua, wewe utafanya nini?"

"Nitaufunga, Madam."

"Na nini? Umeme hakuna."

Askari aliangalia huku na huku kama anatafuta. "Na chochote nitapata. Kitu ikiibwa ni mimi."

Injinia aliniangalia. Niliandika hilo pia.

Siku hiyohiyo alimwambia meneja wa magodauni kwamba hatatia sahihi mpaka kufanyike jaribio la kitu kizima: siku ya kazi, watu wote wakiwa ndani, stima ikatwe kwanza, irudi, ikatwe tena, kisha king'ora kilie, na yeye asimame pembeni aone kila mtu anafanya nini, askari akiwa wa kwanza. Meneja alisema king'ora kilipita, milango ilipita, na walinzi wana vyeti. Kusimamisha kazi nusu siku haiwezekani, wateja wameshaanza kuleta mizigo.

"Umejaribu vipande," Injinia alisema.

"Madam, na vipande ndivyo vinafanya kitu."

Walirudia mazungumzo hayo wiki mbili. Mwishowe Injinia aliandika barua ya ukurasa mmoja kusema anakataa na kwa nini, akaiweka kwenye meza ya mkurugenzi wetu, na baada yake akaandika nyingine ya kuacha kazi. Alibeba karatasi zake za manila na kikombe chake. Alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu.

Mkurugenzi aliniita baada ya siku mbili. Alikuwa mtu mpole, na alizungumza kwa upole.

"Mwaura, wewe ulikuwa huko. Uliona majaribio?"

"Ya vipande, ndiyo."

"Yalipita?"

"Yalipita."

"Basi sahihi utaweka ya ulichokiona. Hakuna uwongo hapo."

Juu ya fomu kulikuwa kumeandikwa kwamba mfumo mzima umejaribiwa na kuthibitishwa. Nilisoma maneno hayo. Nilikuwa na kalamu ya bluu. Nikatia sahihi, nikaandika na tarehe, nikarudi kwenye meza yangu nikamalizia ripoti nyingine.

Nilikutana na Injinia sokoni Thika wiki hiyo, akichagua vitunguu. Alikuwa ameshasikia.

"Ulisoma kile ulitia sahihi?"

"Nilisoma."

"Sawa," akasema, akaendelea kuchagua vitunguu.

Moto ulitokea Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, miezi kadhaa baadaye. Wiki hiyo stima ilikuwa ikipotea na kurudi kila siku, na kila ikipotea mlango wa nyuma ulikuwa ukijifungua. Askari alikuwa amepata mnyororo wa kufungia pikipiki. Moto ulianzia kwenye waya, kati ya katoni. King'ora kililia kama kilivyotakiwa. Sumaku ziliachia kama zilivyotakiwa. Mnyororo ulibaki. Waliokuwa mbele walitoka. Waliokuwa nyuma walizunguka kwenye moshi wakavunja dirisha, wakatoka wakiwa wamekatwakatwa na vioo. Askari alikuwa upande wa pili wa ua, akasaidia kufungua geti la gari la zimamoto, na alipokumbuka mlango alikimbia, na funguo akaziangusha. Mwikali hakutoka.

Nilifika saa kumi. Mlango ulikuwa mzima, upande wa nje haukuungua hata rangi. Mnyororo ulikuwa na mpira wa kijani juu yake, ule wa kuzuia usikwaruze pikipiki, na mpira ulikuwa umeyeyuka kidogo upande wa ndani. Nilisimama nikauangalia mpaka polisi akaniambia nisogee.

Jioni nilirudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amepika ndengu na chapati. Nilikula, nikaomba niongezwe. Alikuwa akinitazama, nikamwuliza kuna nini, akasema hakuna. Nililala vizuri. Ninasema hivyo kwa sababu watu huniuliza nilihisi nini, na hicho ndicho nilichohisi: njaa, kisha usingizi. Hali hiyo haijabadilika sana. Ninajua jina la Mwikali, ninajua miwani yake, ninajua niliandika mlango wa nyuma kwa mwandiko wangu mwenyewe, na nikiyafikiria ni kama ninasoma ripoti ya mtu mwingine.

Injinia alienda mazishini, kwao Mwikali. Mimi sikwenda. Alisimama karibu na mama wa marehemu, nilivyoambiwa, hakusema alikuwa nani.

Uchunguzi ulifanyika Thika, katika chumba kidogo chenye viti vya plastiki. Injinia aliitwa. Alikuja na nakala ya barua yake, akaisoma yote, polepole, pamoja na maneno ya askari na ya Mwikali.

"Kwa hiyo wewe ulikataa kutia sahihi," afisa akasema.

"Nilikataa."

"Na aliyetia ni nani?"

"Mwaura. Ameketi pale, shati ya bluu."

Watu waligeuka. Sauti yake haikuwa na chuki wala huruma, ilikuwa kama alivyokuwa akisema bomba limeziba hapa au pale. Nilikubali kwamba ni mimi. Niliulizwa maswali matatu au manne na nikayajibu.

Tulipotoka nje alinifuata kwenye ngazi. "Umekula?" akaniuliza. Nikasema bado. Tukaingia hoteli ya karibu, tukala githeri, yeye akalalamika kwamba mahindi ni magumu. Hatukuzungumza juu ya mambo ya uchunguzi. Aliuliza habari za watoto wangu. Nikamwambia mmoja ameanza kung'oka meno. Tulipeana mikono kituoni, akapanda gari lake na mimi langu.

Askari alikamatwa, akakaa ndani kwa muda, akaachiliwa. Kampuni yetu ilifungwa, mkurugenzi akahamia kwa kaka yake Nakuru. Mwenye mali alijenga upya. Mimi niliambiwa niandike taarifa, nikaiandika, na baada ya hapo hakuna aliyeniita. Nilingoja. Nilikuwa nikiona gari la serikali limesimama karibu na nyumba yetu nikifikiri limekuja kunichukua, halafu linaondoka.

Siku hizi ninafanya kazi peke yangu, ninakagua majengo ya watu. Juzi hivi, mwanzoni mwa muhula, niliitwa na mwenye jengo jipya la kukodishia wanafunzi, Kahawa Sukari. Orofa tano. Ngazi moja. Chini ya ngazi kuna geti linalofunguka kwa alama ya kidole, na lisipopata stima halifunguki kabisa. Madirisha yote yana vyuma. Alitaka karatasi ya kusema liko sawa. Nilikataa, nikamwandikia barua, nakala nikaipeleka kwenye ofisi inayohusika, ambako karani aliigonga muhuri na kuniambia mkubwa atarudi Jumanne.

Nilikuwa nimesikia kwamba Injinia alianguka, akavunjika nyonga, na binti yake akamchukua. Nyumba ya binti ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka jengo hilo. Kwa hiyo Jumamosi mchana, nilipotoka kuliangalia tena, nikapita.

Nilimkuta sebuleni, mguu juu ya stuli, magongo mawili sakafuni. Alikuwa amepungua. Binti yake alinikaribisha, akaniletea chai, akarudi jikoni. Injinia hakuuliza kilichonileta. Nikamwelezea jengo lile: ngazi, geti, vyuma.

"Na wewe?"

"Nilikataa kutia sahihi."

"Halafu?"

"Nikaandika barua."

"Wanafunzi wanaingia lini?"

"Wameanza kuingia leo."

Aliangalia kikombe changu. "Na wewe uko hapa unakunywa chai."

Nikakiweka chini. Injinia alisugua goti.

"Mimi nilikataa, Mwaura," akasema. "Nikaandika barua nzuri sana. Nikaenda nyumbani Makongeni nikalala. Nilikuwa nimefurahi, unajua? Nilikuwa nimefurahi na hiyo barua. Mwikali alikuwa huko kila siku, miezi yote hiyo, na mimi najua yule askari atafunga mlango. Ningeenda nimwambie. Ni mwendo wa nusu saa. Ningemwambia, mami, usifanye kazi huko nyuma. Sikuenda hata siku moja."

Akaangalia sakafuni.

"Niletee hayo magongo."

Binti alitokea mlangoni. "Mum, utaenda wapi na hiyo mguu?"

"Hapo tu."

"Daktari alisema..."

"Unataka kuja?" Injinia akamwuliza. Binti alisimama na kitambaa cha vyombo mkononi, kama mtu aliyeulizwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akaenda kutafuta viatu.

Tulitembea polepole sana, sisi watatu. Nje ya jengo kulikuwa na magari, masanduku, ndoo mpya, wazazi wakiwa wamevaa vizuri. Binti aliomba kiti cha plastiki kwa msimamizi, ambaye alikileta kwa heshima kabla ya kujua tumekuja kufanya nini. Injinia aliketi kando ya geti. Nilifikiri atazungumza yeye. Alinyoosha mguu wake, akafumba macho kwa sababu ya jua.

Mama mmoja alikuwa akija na msichana wake, godoro wamelishika huku na huku. Nikawazuia. Nikamwambia kwamba jengo hili lina ngazi moja, na stima ikipotea geti lake halifunguki, na madirishani hapiti mtu.

"Wewe ni nani hapa?" akaniuliza. "Wewe ni wa kanju, askari wa kaunti? Wewe ni nani?"

Msimamizi alikuwa ameshaanza kupiga simu. Msichana aliona haya, akawa anamwambia mama yake waingie tu.

Nikamwambia jina langu, majina yote matatu. Nikamwambia kuna mwanamke aliyeitwa Mwikali, aliyekuwa mtunza stoo, na kwamba alikufa ndani ya godauni lililokuwa na karatasi ya kusema liko sawa, na karatasi hiyo niliitia sahihi mimi. Sikuwa nimewahi kuyasema hayo kwa mtu ambaye hakuniuliza.

Yule mama alinitazama, akamtazama Injinia kwenye kiti, akamtazama na binti aliyesimama nyuma yake. Akashusha upande wake wa godoro, akaliegemeza ukutani.

"Haya," akasema. "Hebu nionyeshe hiyo ngazi."